Muuaji Anastahili Kifo: Je, Sisi Tunastahili Kumuua?

Mafungu ya kusoma: Mwanzo 4:8-15; Mwanzo 9:5, 6; Hesabu 35:9-34; Kumbukumbu la Torati 17:2-7; 1 Wafalme 21:1-16; Danieli 7:9, 10; Luka 23:39-43; Ufunuo 20:4-15.

Kila lesoni inapotufikisha Mwanzo 9, darasa hugawanyika. Upande mmoja wapo wanaosema kwamba Mungu alilimaliza jambo hili mbele ya Nuhu, na kwamba muuaji ni wa kuuawa. Upande wa pili wapo wanaotaja amri ya sita na kunyamaza, kana kwamba hiyo imetosha. Mwalimu anatazama saa, kengele inalia, karani anasimama na taarifa yake, na swali linaahirishwa hadi robo nyingine. Makala hii imeandikwa ili darasa lipate muda wa kulimaliza, au angalau kujua ni wapi hasa tunapotofautiana.

Swali lenyewe si la darasani tu. Nchini Tanzania, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia atahukumiwa kifo. Jaji hana pa kuchagua. Akisharidhika kwamba kosa limethibitika, mazingira ya mkosaji na maisha yake ya nyuma hayawezi kubadili adhabu. Mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Dodoma, alisema kwamba adhabu hiyo inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni adhabu ya kikatili na inayodhalilisha, lakini ikaona kwamba Katiba bado inaivumilia kwa manufaa ya jamii. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa, na mwaka 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba hatatia saini hati ya kumnyonga mtu. Hata hivyo hukumu zimeendelea kutolewa, na waliohukumiwa wamekaa wakingoja, wengine kwa miaka mingi.

Majirani nao hawako mahali pamoja. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la Muruatetu, ilitangua ulazima wa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilisema hivyo hivyo kuhusu sheria ya Tanzania. Rwanda iliifuta adhabu hii kabisa mwaka 2007, nayo ndiyo nchi ambayo, kuliko jirani yeyote, ungedhani ingeing'ang'ania. Kongo ilikwenda njia nyingine: Machi 2024 serikali iliondoa zuio lililokuwapo kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa hiyo ndugu wanaofungua lesoni hii Musoma, Kisii, Kigali na Lubumbashi hawaishi chini ya sheria moja. Biblia yao ni moja.

Naamini mabishano yetu hayaishi kwa sababu tunachanganya maswali mawili. La kwanza: muuaji anastahili nini? La pili: ni nani aliyepewa mkono wa kumlipa anachostahili, na kwa masharti gani? Mtu anaweza kujibu la kwanza kwa uhakika wote na bado akawa hajaligusa la pili.

Deni la damu

Katika swali la kwanza Maandiko hayaoni haya, na tusiyaonee haya kwa niaba yake. Soma Mwanzo 9:5, 6. Sababu inayotolewa pale si usalama wa mtaa wala kuwatisha wengine. Sababu ni mfano wa Mungu. Anayemuua mwanadamu amegusa sura ya Muumba mwenyewe, na deni la namna hiyo halilipiki kwa ng'ombe wala kwa fedha. Ndiyo maana Hesabu 35:31 inakataza kupokea fidia kwa ajili ya uhai wa muuaji. Katika mataifa mengi ya kale tajiri aliweza kuua na kulipa. Katika Israeli hakuruhusiwa, na maskini aliyeuawa alikuwa na thamani ile ile ya mkuu wa kabila.

Wako walimu wanaosema kwamba amri ya sita haihusiki hapa hata kidogo, kwa kuwa neno la Kiebrania lililotumika, ratsakh, lina maana ya mauaji haramu peke yake. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini Hesabu 35:30, panapoeleza jinsi muuaji atakavyouawa kwa ushahidi, panatumia neno hilo hilo kwa tendo la kumuua. Siwezi kujenga fundisho juu ya kitenzi kimoja. Ninachosema ni kwamba kamusi haitatuondolea mzigo huu: hata pale damu ilipomwagwa kwa sheria, Maandiko hayakutafuta neno jepesi la kuifunika.

Kisha yuko yule mhalifu msalabani. Katika Luka 23:41 anakiri kwamba yeye na mwenzake wanapata malipo ya haki kwa matendo yao. Yesu hakumpinga. Hakusema, "Hapana, umeonewa." (Najua baadhi ya madarasa watataka kuingia kwenye mahali pa neno "leo" katika fungu la 43. Tuliache kwa siku nyingine.) Basi tukubali: muuaji anaweza kustahili kufa. Anayeanza kwa kulikana hilo huwaudhi waliofiwa na kuirahisisha dhambi.

Mtu aliyeokota kuni

Hata hivyo, anayechukua Torati kama kitabu cha adhabu cha leo inambidi aichukue yote, na sisi Waadventista tunajua hapo panapouma. Soma Hesabu 15:32-36. Mtu aliokota kuni siku ya Sabato, akawekwa kifungoni, kisha akapigwa mawe mpaka akafa. Kutoka 21:17 inaweka adhabu ya kifo kwa anayewalaani wazazi wake. Sabato tunaishika, na amri ya kuwaheshimu wazazi tunaifundisha watoto tangu darasa la chekechea. Lakini hakuna mzee wa kanisa anayetaka mvunja Sabato apigwe mawe. Tumekwisha kukubali, bila kelele, kwamba sheria ya maadili inadumu na kwamba adhabu za serikali ya Israeli, taifa lililotawaliwa na Mungu mwenyewe, zilikoma pamoja na serikali ile.

Utasema kwamba Mwanzo 9 ni ya kabla ya Israeli, ilitolewa kwa Nuhu na wanadamu wote. Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Lakini kabla ya Nuhu yuko Kaini. Yeye alimuua ndugu yake kwa kukusudia, baada ya kuonywa, na hakimu aliyemhukumu hakuhitaji shahidi, kwa maana damu yenyewe ilimlilia. Kaini hakuuawa. Alifukuzwa, akawekewa alama ili asiuawe na yeyote atakayemwona. Kama kifo kingekuwa ndilo jibu pekee la haki kwa mauaji, basi muuaji wa kwanza alipunjiwa adhabu na Mungu mwenyewe.

Mashahidi wawili

Tuje sasa kwenye swali la pili, ambalo Torati inalizungumzia kwa kirefu kuliko tunavyokumbuka. Soma Kumbukumbu la Torati 17:2-7. Habari ikifika, wazee waitafute kwa bidii. Mtu asiuawe kwa kinywa cha shahidi mmoja. Na mashahidi wenyewe ndio watakaoinua mkono kwanza. Anayesema "nilimwona" ndiye atakayerusha jiwe la kwanza. Kumbukumbu la Torati 19:16-21 inaongeza kwamba shahidi wa uongo atatendewa lile alilokusudia kumtendea ndugu yake. Hebu fikiria mahakama inayofuata masharti hayo. Hakuna kuhukumu mtu afe kwa sababu alionekana na marehemu jioni ile. Hakuna kumhukumu kwa maelezo aliyoyatoa kituo cha polisi, kisha akayakana. Si ajabu kwamba walimu wa Kiyahudi walioandika Mishna walisimulia kwamba baraza linalomuua mtu mmoja katika miaka saba liliitwa baraza la maangamizi, na mmoja wao akasema hata katika miaka sabini.

Sheria zetu zimechukua kitanzi na kuyaacha masharti. Mahakama ya leo yaweza kumhukumu mtu kifo kwa ushahidi wa mazingira peke yake, au kwa neno la shahidi mmoja anayeaminika. Kwa kifungo hilo linaeleweka, vinginevyo wauaji wengi wangetembea huru. Lakini mtu asiitaje Biblia kuitetea adhabu ambayo Biblia isingeitoa kwa ushahidi kama huo.

Na hata masharti hayo hayakutosha. Nabothi alishitakiwa kwa utaratibu kamili: kulikuwa na wazee, kulikuwa na mfungo, kulikuwa na mashahidi wawili kama Torati ilivyotaka. Akapigwa mawe na shamba lake likaenda kwa Ahabu. Ukisoma 1 Wafalme 21 kama mwanasheria, huoni kosa la utaratibu popote. Makaratasi yalikuwa safi.

Kijikoti cha Azaria

Mtu aweza kusema kwamba habari ya Nabothi ni ya kale, mashahidi wake walinunuliwa, na kwamba mahakama za leo zina wataalamu na maabara. Basi tuchukue kesi iliyoipata nyumba yetu wenyewe.

Usiku wa tarehe 17 Agosti 1980, Mchungaji Michael Chamberlain wa Kanisa la Waadventista wa Sabato na mkewe Lindy walikuwa wamepiga kambi na watoto wao karibu na mwamba wa Uluru, katikati ya Australia. Binti yao Azaria, wa majuma tisa, alitoweka kutoka hemani. Mama alilia kwamba dingo, mbwa wa mwituni wa nchi ile, amemchukua mtoto. Uchunguzi wa kwanza, mwezi Februari 1981, ulikubaliana na wazazi.

Lakini maneno yalikuwa yameshaenea nchi nzima. Watu walisema jina Azaria maana yake ni kafara ya jangwani. (Mtoto yeyote wa Shule ya Sabato angewaambia kwamba Azaria ndiye aliyeitwa Abednego, na kwamba jina hilo lamtaja Bwana anayesaidia.) Walisema Waadventista ni dhehebu linalotoa watoto sadaka. Walisema mama huyu hakulia inavyotakiwa mbele ya kamera. Uchunguzi ukafunguliwa upya. Wataalamu wakaeleza kwamba wamekuta damu ya mtoto mchanga ndani ya gari la familia. Lindy alisema tangu mwanzo kwamba mtoto alivaa kijikoti juu ya nguo zake, na kwamba ndiyo sababu mate ya mnyama hayakuonekana kwenye nguo ya ndani iliyopatikana. Kijikoti hakikuwa kimeonekana, na hakuaminiwa. Tarehe 29 Oktoba 1982 baraza la wazee wa mahakama mjini Darwin lilimwona ana hatia, akahukumiwa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Rufaa ya kwanza ilishindwa mwaka 1983. Ya mwisho, mbele ya Mahakama Kuu ya Australia, ilishindwa Februari 1984, majaji watatu dhidi ya wawili.

Miaka miwili baadaye, Februari 1986, watu waliokuwa wakitafuta mwili wa mtalii aliyeanguka kutoka kwenye mwamba wa Uluru walikiona kijikoti kidogo mchangani, karibu na mapango ya dingo. Siku chache baadaye Lindy aliachiliwa. Tume iliyochunguza kesi upya ilieleza kwamba sehemu kubwa ya ile iliyoitwa damu ya mtoto ilikuwa dawa ya kupunguza kelele inayopuliziwa kwenye magari kiwandani. Mwaka 1988 hukumu zilifutwa. Juni 2012, Azaria angekuwa na miaka 32, afisa wa serikali anayechunguza vifo alitamka rasmi kwamba mtoto aliuawa na dingo.

Hesabu tarehe hizo polepole. Kati ya rufaa ya mwisho na kijikoti ni miaka miwili. Australia ilikuwa imefuta adhabu ya kifo katika eneo lile kwa sheria ya mwaka 1973, na hiyo ndiyo sababu mlango wa gereza ulipofunguliwa kulikuwa na mtu wa kutoka. Katika nchi inayotumia kitanzi, miaka miwili baada ya rufaa ya mwisho ni muda wa kutosha kabisa.

Msomaji makini atasema: Lindy alikuwa mjamzito wakati wa kesi, na hata sheria ya Tanzania haimhukumu mjamzito kifo, humpa kifungo cha maisha. Ni kweli. Lakini tazama hiyo maana yake nini. Sheria yetu ingemwacha hai kwa ajili ya mimba, si kwa sababu mahakama inaweza kukosea. Mumewe, au mwanamke mwingine asiye na mimba, angekwenda.

Kinachonisumbua zaidi katika kesi hii ni kwamba sioni mwongo wa kumlaumu, kama tunavyomlaumu Yezebeli. Wataalamu waliamini vipimo vyao. Baraza liliwasikiliza kwa majuma. Majaji watano wenye elimu waliisoma kesi yote. Kila mmoja alifanya kazi yake, na mwanamke asiye na hatia akajifungua mtoto wake mwingine akiwa mfungwa na kuondolewa mtoto huyo.

Mahakama isiyo na haraka

Hapa ndipo imani yetu wenyewe ina neno ambalo sijui kama tumewahi kulitumia katika swali hili. Waadventista tunafundisha kwamba Mungu hamwadhibu mtu kabla ya kufungua vitabu. Danieli 7:9, 10 inaonyesha kiti cha enzi, maelfu wanaosimama mbele yake, na vitabu. Tunaiita hukumu ya upelelezi, na tunasema ilianza mwaka 1844. Kisha, baada ya marejeo, Ufunuo 20:4 na 1 Wakorintho 6:2, 3 zinawapa watakatifu kazi ya kuhukumu. Muda wake ni miaka elfu moja. Waovu wamelala makaburini, hawajui lo lote, na juu mbinguni kesi zao zinasomwa. Mauti ya pili inakuja mwisho kabisa, baada ya kila anayetaka kuuliza kuwa ameuliza.

Mungu anatafuta nini katika vitabu hivyo? Hana asilolijua. Alimuuliza Adamu yuko wapi huku akimwona. Alimuuliza Kaini habari za ndugu yake huku damu ikimlilia. Katika Mwanzo 18:20, 21 alisema atashuka kuona kama mambo ya Sodoma ni kama kilio kilivyomfikia. Yeye anayejua yote hataki adhabu isiyorudi nyuma itolewe mpaka viumbe vyote vimeona kwamba ni ya haki. Hiyo ndiyo tabia ya hakimu wetu, na ndiyo tunayoihubiri katika mikutano ya makambi.

Sasa linganisha. Mwenye kujua yote anachukua miaka elfu kabla ya kuua. Mwenye kujua kidogo, anayetegemea kumbukumbu ya shahidi aliyeona kwa mwanga wa tochi na wakili anayelipwa na serikali ambaye mara nyingine hukutana na mshitakiwa siku chache kabla ya kesi, je, anaweza kuua kwa uhakika gani? Kwangu jibu ni hapana. Adhabu ya kifo mikononi mwa wanadamu si ya haki, hata pale anayeipokea anapokuwa amestahili kufa, kwa sababu anayeitoa hana yale yanayohitajika ili kuitoa.

Na kuna jambo la pili katika mafundisho yetu. Hatuamini toharani. Hatuamini kwamba roho inaendelea kutubu mahali pengine. Mhubiri 9:5 kwetu ni fundisho la kila mazishi. Mlango wa rehema kwa kila mtu hufungwa anapokata roho. Kwa hiyo serikali inapopanga saa ya kifo cha mtu inapanga pia saa ya kufungwa kwa mlango huo. Wengine hujibu kwamba tarehe ya kunyongwa humfanya mfungwa atubu upesi, nao humtaja mhalifu msalabani. Lakini walikuwa wawili. Mwingine alikufa akitukana.

Sitaki kutumia hapa ile hoja maarufu kwamba Musa, Daudi na Paulo walihusika na damu, na kwamba wangenyongwa tusingekuwa na vitabu vyao. Ni kweli, ila si kila muuaji ni Daudi, na sheria haitungwi kwa kutegemea zaburi zitakazoandikwa gerezani.

Upanga

Vipi basi Warumi 13:4, panaposema mtawala hauchukui upanga bure? Serikali ina mamlaka ya kutumia nguvu, na Paulo aliandika hayo akijua upanga wa Rumi ni wa chuma. Polisi anayemzuia mwenye bunduki asiwamalize watu sokoni anafanya kazi ya mamlaka hiyo. Lakini kupewa upanga si kuambiwa uutumie kwa mtu aliyekwisha kufungwa mikono, ambaye ukuta na kufuli vinatosha kumzuia. Na upanga huo huo, kwa mujibu wa mapokeo ya kanisa la kale, ndio uliomkata Paulo kichwa.

Sisi tunaofundisha Ufunuo 13:15 tulitazame jambo hili kwa macho mawili. Tunasema kwamba siku za mwisho watakaokataa kuisujudia sanamu ya mnyama watatolewa amri ya kuuawa, na kwamba amri hiyo itakuwa na sura ya sheria, si ya ghasia. Watu wenye unabii huo vitabuni mwao wangepaswa kuwa wa mwisho kuishangilia serikali inaponoa chombo hicho, hata kama leo kinaelekezwa kwa jambazi.

Hukumu ya njiani

Wengi wetu hatutaketi kamwe kwenye kiti cha jaji. Lakini adhabu ya kifo inayotolewa mara nyingi zaidi katika nchi zetu haitoki kwa jaji. Inaanza na sauti moja barabarani ikipiga kelele za mwizi, na dakika chache baadaye kuna mawe, tairi na petroli. Taarifa ya habari itasema ameuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ndiyo iliyokuwa na mikono. Usukumani na katika nchi ya Gusii, ambako makanisa yetu ni mengi na ya zamani, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na ushahidi mara nyingine umekuwa macho mekundu ya mtu aliyepika miaka arobaini kwenye moshi.

Pima hukumu hiyo kwa Kumbukumbu la Torati 17. Nani aliitafuta habari kwa bidii? Mashahidi wawili wako wapi? Pima kwa habari ya Azaria. Tetesi juu ya mama wa Kiadventista na tetesi juu ya bibi kizee wa kijijini ni za ukoo mmoja: dini yake siielewi, uso wake haukulia, basi ameua. Nimesikia washiriki wakisimulia kuuawa kwa kibaka mtaani kwao kwa sauti ya kuridhika, Sabato jioni, chini ya mti wa kanisa. Tunaweza kuwa na maoni tofauti juu ya kifungu cha 197. Juu ya hili sioni nafasi ya maoni mawili.

Waliofiwa

Yuko mtu ambaye makala kama hizi humsahau, naye ni mama wa marehemu. Tunapozungumza juu ya uwezekano wa kukosea na mlango wa rehema ya muuaji, yeye anauliza mlango wa mwanawe ulifungwa na nani. Hana deni la kutuambia amesamehe. Mithali 31:8, 9 inatutuma kumsemea asiyeweza kusema, na aliyeuawa ndiye bubu kuliko wote.

Kwa hiyo anayepinga kitanzi asimpe mama huyu maneno matupu. Muuaji akamatwe, ashitakiwe, afungwe, na kama ni hatari asitoke. Hesabu 35:33 inasema damu huitia nchi unajisi. Kesi ya mauaji kukaa miaka bila kusikilizwa, au faili kupotea, ni unajisi pia, na sisikii tukiukemea kwa nguvu ile ile tunayoitumia kubishana juu ya kamba. Mara nyingi familia zinazodai kifo zinadai kwa sababu hakuna kingine walichopewa. Mkosaji alishikwa, akaachiwa, akaonekana sokoni.

Soma Kumbukumbu la Torati 21:1-9. Maiti imekutwa kondeni na muuaji hajulikani. Hakuna wa kumuua. Wazee hawaendi nyumbani kwa sababu hiyo. Wanatoka na kamba, wanapima umbali kutoka kwenye maiti hadi miji iliyo kandokando, na wazee wa mji ulio karibu zaidi wanasimama na kujibu mbele za Bwana. Jambo lisilokuwa na mkosaji lilikuwa na wahusika.

Maswali ya kujadili darasani:

Katika kanisa lenu au mtaa wenu kuna familia ambayo ndugu yao aliuawa. Tangu mazishi, ni nani kutoka kanisani aliyekwenda nao mahakamani hata siku moja?

Kama mna huduma ya magereza, je, imewahi kuwafikia waliohukumiwa kifo? Kama hapana, ni uongozi wa gereza uliokataa, au hatujawahi kuomba?

Mshiriki wa darasa lako anakuambia alikuwepo kibaka alipouawa, na kwamba yeye alirusha jiwe moja tu. Utamwambia nini, na utakwenda naye wapi?